Maisha ya Mkaguzi wa Chumba cha Kompyuta, 1958–2024

Ndugu, jamaa, majirani na wenzetu wa chuoni, asanteni kwa kuja kumsindikiza kaka yetu. Familia imeniteua mimi, dada yake mdogo, kitinda mimba wa nyumba yetu, niwasomee maisha yake. Wakubwa zangu walisema nimechaguliwa kwa sababu ninajua kupiga chapa. Ukweli ni kwamba walijua wao watalia kabla ya ukurasa wa kwanza kwisha, na mimi wananiona nina macho makavu. Tutaona.

Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mkaguzi. Hakuwahi kuwa mkaguzi wa kitu chochote. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa namna alivyotembea katika chumba cha kompyuta cha chuo, mikono nyuma, kiganja kimoja kimeshika kingine, akipita taratibu kati ya viti kama mtu aliyetumwa na wizara. Alikitunza chumba hicho kwa miaka ishirini na moja, na katika miaka yote hiyo aliogopa jambo moja tu: kwamba siku moja kitafungwa, na mwanafunzi asiye na kompyuta yake atakosa pa kwenda.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano. Baba yetu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani hapo, na mama alishona sare za shule. Mtaa mzima ulinuka sabuni, kwa hiyo hata tulipokuwa hatujaoga tulionekana watu safi. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na alipoanza yote mawili hakuyafanyia haraka. Ukimtuma dukani uliweza kusahau ulichomtuma. Lakini hakuwahi kurudi na kitu kisicho chenyewe.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na karakana ya reli kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya kutwa hadi 1976. Januari 1977 alikwenda chuo cha ufundi kujiandikisha kozi ya umeme. Alisimama foleni tangu asubuhi, na alipofika dirishani nafasi zilikuwa zimejaa. Karani akamwambia imebaki nafasi moja ya uhazili. Kaka hakujua uhazili ni nini, ila hakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu, akajaza fomu. Siku ya kwanza darasani alikuta wasichana ishirini na wawili na yeye. Baba alikaa wiki mbili bila kumsemesha, akiona mwanawe amekwenda kusomea kazi ya kike. Mwaka uliofuata kaka alimaliza wa kwanza, maneno sabini kwa dakika, na baba akamjia kimyakimya na barua yake ya kuomba likizo, akitaka ipigwe chapa ipendeze. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kaka alinikalisha mbele ya mashine ya kuazima akanifundisha, na hiyo ndiyo kazi inayonilisha mpaka leo.

Tarehe 1 Machi 1979 aliajiriwa na chuo kikuu kama mpiga chapa katika ofisi ya msajili, ghorofa ya tatu. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kupiga chapa tasnifu za wanafunzi. Hapo ndipo alipompata mkewe, au mkewe alipompata yeye, maana kila mmoja alikuwa na simulizi yake. Wifi yangu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika maktaba ya chuo. Siku moja mwaka 1983 alipanda ngazi na tasnifu mkononi, akaibwaga juu ya meza ya kaka na kumwonyesha alichokifanya. Pambizo la kushoto lilikuwa jembamba mno, na jalada lilipofungwa lilimeza herufi ya kwanza ya kila mstari, kurasa mia na themanini. Kaka aliitazama, akasema atairudia yote, na kweli akairudia. Wiki iliyofuata akampelekea karatasi nyingine ili aone kama pambizo linatosha. Wiki ya pili akapeleka nyingine, na ya tatu nyingine, mpaka wifi akang'amua kwamba karatasi zile hazikuwa za tasnifu ya mtu yeyote. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Oktoba 1984, wakajaliwa watoto watatu. Tangu hapo mtu yeyote aliyefundishwa kuchapa na kaka, mimi nikiwemo, huacha vidole vitatu kushoto.

Agosti 1997 chuo kilipata kompyuta nane. Ziliwekwa ghorofa ya chini, kando ya ngazi, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika, chenye dirisha moja linalotazama tangi la maji. Kwa kuwa kaka alijua kuchapa, wakubwa walidhani anajua na kompyuta, wakampa ufunguo. Fundi aliyekuja kuzifunga alikaa siku tatu. Kila kaka alipouliza jambo, fundi alimnyang'anya kipanya, akabofya mara tano kufumba na kufumbua, akasema, "Umeona? Rahisi tu." Alichokuwa amekiona kaka ni mkono wa fundi. Fundi alipoondoka, kaka hakujua hata namna ya kuzizima, akawa anachomoa waya ukutani wiki nzima.

Alijikaza kisabuni. Alijifunza peke yake kwa mwezi mmoja, kitabu cha maelekezo kikiwa magotini, na siku alipowafungulia wanafunzi mlango alijiwekea sharti ambalo halikuandikwa popote: hatagusa kipanya cha mtu. Ili asishawishike, mikono aliipeleka nyuma. Mwanafunzi aliomba, akabembeleza, akatoka jasho, na kaka alibaki pembeni akielekeza kwa mdomo tu: nenda juu, kushoto kidogo, hapo hapo, sasa bofya. Wenye haraka walimwona ana roho mbaya. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye kompyuta alikuwa ameiona kwenye picha tu, alitumia zamu yake nzima ya nusu saa kuandika jina lake na kulihifadhi. Waliokuwa wakisubiri wakaanza kuguna. Kaka alimwongezea binti nusu saa nyingine, kisha akawageukia wale wengine.

"Nikimshikia leo," aliwaambia, "kesho atanitafuta mimi, hataitafuta kompyuta."

Binti huyo alihitimu, akaendelea na ufundi wa kompyuta, na nitamtaja tena mbele. Nyumbani nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwanawe wa kiume bado analalamika kwamba alichelewa shule muhula mzima akifunga kamba za viatu, baba amesimama mlangoni akimwelekeza kitanzi cha kwanza na kitanzi cha pili bila kuinama. Wifi yangu ndiye aliyekuwa akiinama baba akishatoka, na naomba tusimlaumu.

Kompyuta nane zikawa kumi na sita, kisha ishirini na nne. Mtandao ukaja, printa ikaja, daftari la zamu likawa la pili, la kumi, la arobaini. Baada ya miaka kadhaa baadhi ya wakubwa wakaanza kusema chumba kimepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi kila mwanafunzi ana simu. Kaka alizijua simu hizo. Alikuwa amewaona vijana wakiandika tasnifu kwa dole gumba, na wakifika ukurasa wa arobaini simu inaganda na kazi yote inakwenda na maji. Wengi wao ni watoto wa mafundi, wa wauza mboga, wa mama wafua nguo, na kompyuta ya kwanza waliyoigusa ilikuwa ya chumba kile. Aliwahi kuniambia kwamba mwenye kompyuta nyumbani hawezi kuelewa foleni ile inatafuta nini.

Ugonjwa ulianza mwaka 2014, na sisi wa familia hatukujua hadi 2016. Hili naomba niliseme bila kumung'unya maneno, kwa sababu liliniuma na bado linaniuma. Ulikuwa ugonjwa wa kutetemeka, ule unaoitwa Parkinson, na ulianzia mkono wa kulia. Kaka aliuficha. Kazini haukumpa taabu, kwa kuwa mikono ilikuwa nyuma tangu 1997 na aliyesimama mbele yake hakuona tofauti. Nyumbani aliacha mashati ya vifungo akaanza kuvaa fulana, na wifi yangu akajisifu kwa majirani kwamba mumewe amekuwa wa kisasa uzeeni. Aliacha chai, akadai inamkosesha usingizi, kumbe ni kikombe kilichokuwa kinamshinda. Aliyaficha yote hayo kwa sababu moja. Alihofia kwamba akistaafishwa kwa ugonjwa hawataweka mtu mwingine, na chumba kitaondoka naye.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Machi 2016 ofisi ya mipango ya chuo iliamua kukigeuza chumba kuwa ukumbi wa mikutano. Barua ya kumwarifu niliipiga chapa mimi. Mimi ni katibu muhtasi wa ofisi hiyo, na siri ya ofisi ni siri ya ofisi. Nilikwenda kwake Jumapili mbili mfululizo, nikala chakula chake, nikanyamaza. Barua ilipomfikia aliitazama upande wa kushoto, akajua ni nani ameichapa. Naye akanyamaza. Nilimkosea, na nalisema hapa mbele yake na mbele yenu.

Tarehe 12 Aprili 2016 aliitwa mbele ya kamati ya watu watano aeleze kwa nini chumba kisifungwe. Alikuja na madaftari ya zamu ya miaka miwili, yanayoonyesha wanafunzi sabini hadi tisini kila siku, kila jina na saa yake. Mimi nilikuwa kwenye kona ya meza nikiandika muhtasari. Mwenyekiti alifungua daftari moja, akafungua la pili, akayasogeza pembeni. Mwandiko ulikuwa tofauti karibu kila siku. Alisema kwa adabu, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba madaftari haya yanaonekana yamejazwa na watu waliokusanywa ili kukiokoa chumba. Kama kuna maelezo mengine, kamati iko tayari kuyasikia. Kaka akaitoa mikono nyuma na kuiweka juu ya meza, na ule wa kulia ukaanza kugonga mbao wenyewe, taratibu, bila yeye kuuamrisha.

"Mikono yangu haiandiki tena," alisema. "Wanaoandika ni wanafunzi, kwa zamu. Lakini walioingia ni hao hao mnaowasoma humo."

Mwenyekiti alimuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Ningesema, mngetustaafisha wote wawili, mimi na chumba."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya ugonjwa wa kaka yangu, nikiwa naandika muhtasari. Muhtasari ule uko kwenye faili mpaka leo na una makosa matano katika ukurasa mmoja. Kamati iliahirisha kikao na kuwatuma wajumbe wawili wakae chumbani wiki nzima, wahesabu wenyewe. Siku ya kwanza walihesabu themanini na wanne. Chumba kikabaki, na zaidi ya hapo akaajiriwa fundi wa kumsaidia kaka. Fundi huyo ndiye yule binti aliyetumia nusu saa kuandika jina lake.

Siku ile ya kikao kaka alinisubiri kwenye ngazi mpaka wajumbe walipotoka. Nilikuwa sijui nianzie wapi, yeye akaanza. "Barua yako ilikuwa safi, mdogo wangu," aliniambia. "Sikuona kosa hata moja." Nililia pale pale kwenye ngazi, mimi mwenye macho makavu. Tukafuatana kwenda nyumbani kumwambia wifi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo zile fulana hazikuwa mtindo?" Kisha naye akalia, na kaka akabaki akitutazama sisi wawili kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Jambo lililonishangaza zaidi nilikuja kuambiwa baadaye na yule fundi. Chumbani kuna benchi la wanaosubiri zamu. Aliyekuwa akifundishwa alitazama skrini, lakini waliokaa kwenye benchi walikuwa nyuma ya kaka, na kwa nusu saa nzima walichokuwa nacho mbele ya macho ni mikono yake. Waliona tangu siku za mwanzo. Wakagawana kazi bila kikao wala kiongozi: huyu anabadilisha wino wa printa, huyu anabeba boksi la karatasi, huyu anaandika daftari. Waliokuwa wakihitimu waliwarithisha wapya, na wiki ya kwanza kabisa mgeni aliambiwa vyoo viko wapi na kwamba Mkaguzi habebeshwi kitu wala haulizwi. Walipita mamia ya wanafunzi katika miaka hiyo miwili na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Watoto wa watu walijua, sisi damu yake tukawa wa mwisho. Nilipoambiwa niliona wivu, sitaficha. Leo nina shukrani tupu. Kama uko hapa na uliwahi kukalia benchi lile, familia inakushukuru kutoka moyoni.

Marehemu alistaafu Ijumaa, tarehe 29 Juni 2018, akamkabidhi fundi wake ufunguo. Miaka sita iliyofuata haikuwa myepesi. Miguu ikawa mizito, sauti ikashuka mpaka ukawa unamsogezea sikio. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya mishipa ya fahamu, jirani yetu mwenye gari ambaye hakuwahi kusema ana shughuli, na binti mkubwa wa marehemu, muuguzi, aliyehamisha zamu zake ili awe naye asubuhi. Wifi yangu sijui nimshukuruje. Alimlisha, akamvisha, akamnyoa, na bado akapata muda wa kugombana naye kuhusu dirisha lifungwe au liachwe wazi. Mimi nilipita kila siku nikitoka kazini, na kaka hakuniuliza habari za ofisi wala za nyumbani kwangu. Aliuliza neno moja tu, "Wangapi?" Nilijifunza kupita chumbani kwanza nimuulize fundi, ili nisifike bila jibu.

Alilazwa Alhamisi, tarehe 30 Mei 2024, kwa nimonia. Jumamosi nilimwambia tisini na sita. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea habari njema ya mwanawe. Alifariki dunia Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa tatu na robo asubuhi, akiwa amebakiza siku kumi na moja kutimiza miaka sitini na sita. Mkewe na binti yake mkubwa walikuwa kando yake.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada yetu mkubwa, kaka zetu wawili na mimi. Tunamshukuru Mungu kwa kutuazima mtu huyu kwa muda mrefu kiasi hiki.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye kijitabu mlicho nacho mkononi. Nimeyaandika kwa kalamu leo asubuhi, baada ya kusikia watu wakinong'ona. Mnaviona viti mia moja upande ule, havina watu. Kamati ya mazishi iliviandaa kwa ajili ya wanafunzi, na nimesikia ikisemwa kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana shukrani. Juzi Jumatano wawakilishi wao walikuja nyumbani kumwambia wifi yangu kwamba wamekubaliana kukifunga chumba leo kwa heshima ya marehemu, ili waje wote kumzika. Wifi aliwauliza tasnifu zinakabidhiwa lini. Wakamjibu ni leo hii, Ijumaa, mwisho saa kumi na moja jioni.

"Sasa huku mnakuja kufanya nini?" aliwauliza. "Nendeni mkaandike."

Kwa hiyo msiwahesabu kuwa wamekosa. Nimempigia fundi simu kabla sijasimama hapa, akaniambia mlango uko wazi, kompyuta zote zina watu, na wengine wanasubiri. Tunamzika kaka yangu, na kile alichokiogopa hakijatokea.

Pumzika sasa, kaka. Hawajakifunga.